Sitini kwa Mpigo

Kaka yangu Vivek alirudi kutoka masomoni ng'ambo na vitu viwili: cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, na imani kwamba binadamu hutumia nusu ya mazungumzo yake akiwa kimya. Cheti Baba alikitundika ukutani, kando ya picha ya Lakshmi, mungu wetu wa mali. Imani nayo tukaiwekea duka zima.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mlango ulipofunguliwa na kila mtu akaingia bila kubisha hodi. Aliyekuwa akiuza khanga akaanza kuuza matairi, wa matairi akaleta friji zilizotumika, na wa friji akafungua shule ya chekechea. Baba yangu, Mansukhlal, alikuwa akiitwa Mzee Vifungo na mtaa mzima wa Mchafukoge, kwa sababu ya vifungo na zipu alizouza tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi moja aliamka akatangaza kwamba vifungo vimekufa. Biashara ya simu nayo ilikuwa imefunguliwa. Mwenye leseni sasa aliweza kupitisha simu za nje kwenye intaneti, na Baba hakutaka kuwa mtu wa mwisho Kariakoo kutajirika.

Vivek alitueleza mpango wake mezani, wakati wa chakula.

"Bapuji, watu wawili wakiongea kwenye simu, mmoja anasema, mwingine ananyamaza. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Baba.

Mama yetu, Sudha, alikuwa akimwambia Baba aongeze dengu wakati huohuo Vivek akiuliza na Baba akijibu. Yeye hakuulizwa maoni yake.

"Basi ule ukimya ni nafasi tupu. Waya unabeba hewa. Sasa kuna seva ya kuunganisha simu ambayo inaunyofoa ule ukimya na kupachika maneno ya mtu mwingine palepale. Laini tutakayokodi inabeba simu thelathini. Kwa seva hii itabeba sitini. Sitini kwa mpigo!"

Baba aliweka chapati chini.

"Yaani tunauza kitu ambacho mteja mwenyewe hakitumii?"

"Hasa."

Macho ya Baba yalilowa. Alimtazama Vivek kwa mapenzi ambayo sisi wengine tuliyaona siku za sikukuu tu.

Seva ilikuja. Ilikuwa sanduku jeusi la ukubwa wa begi la safari, na feni ndani yake zilivuma kutwa kucha. Ilipewa chumba kilichokuwa stoo ya vifungo, ikafungiwa kiyoyozi, cha kwanza katika ukoo wetu. Sisi tuliendelea na pangaboi. Duka lilijazwa vibanda vya mbao vyenye vioo, na juu ya paa Vivek akasimamisha antena za kuunganisha mawakala wetu, mmoja Msimbazi, wengine huku na kule Kariakoo, mmoja hadi Feri, ili simu zao zote zipitie kwetu. Nje tukatundika bango: SIMU ZA NJE, SITINI KWA MPIGO.

Mimi ni Kajal, mdogo wake Vivek. Sina cheti chenye muhuri, kwa hiyo nilipewa kaunta. Mbele yangu palikuwa na kompyuta, na kwenye skrini kila simu ilikuwa na kijisanduku chake. Mteja akisema, kijisanduku kilikuwa cha kijani. Akinyamaza, kiligeuka kijivu, na hapo ndipo seva ilipompokonya nafasi yake na kumpa mwingine. Ili yule wa upande wa pili asidhani simu imekatika, seva ilimpigia mvumo mdogo wa kutengeneza: shiii. Vivek aliusifia mvumo huo kuliko alivyowahi kumsifia mtu yeyote nyumbani kwetu. Alisema ni uongo mzuri.

Kabla ya kufungua, aliijaribu seva kwa kanda zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Nami nilizisikiliza. Palikuwa na Wazungu wawili wanazungumzia mvua. Mmoja anasema, anamaliza. Mwenzake anasubiri, anavuta pumzi, anajibu. Anamaliza. Wa kwanza anasubiri. Vivek alizipiga kanda sitini kwa wakati mmoja na seva ikazibeba zote bila kutetereka. Alitoka chumba cha seva akacheza dansi mbele ya kaunta yangu.

Kisha tukafungua mlango, wakaingia watu wa Dar es Salaam.

Mteja wa kwanza alikuwa Nassibu, muuza vipuri vya magari, aliyetaka kuongea na mshirika wake Dubai. Mshirika ndiye aliyekuwa na mengi ya kueleza. Nassibu alikuwa wa kusikiliza tu. Basi akasikiliza hivi: "Eeh. Eeh. Enhe. Wacha we! Eeh bwana. Alaa! Eeh. Ikawaje? Eeh, eeh, eeh. Mama yangu!" Kijisanduku chake kiliwaka kijani mwanzo hadi mwisho. Kibanda cha pili alikuwamo mjomba wangu mmoja anazungumza na Jamnagar, India, na mwenzake alipokuwa akisema yeye aliitikia kwa Kigujarati, "Ha, ha, ha, achha, ha," yaani eeh, eeh, eeh. Kijani. Cha tatu mama mmoja alikuwa anasimuliwa msiba, na kila akisimuliwa neno yeye analia. Kijani kilichokolea.

Huko Feri ndiko kulikoshinda kote. Kibanda cha wakala kilipakana na mnada wa samaki, na seva, kwa ujuzi wake wote, haikuweza kutofautisha mtu anayempigia mkewe na dalali anayenadi mafungu ya changu. Kwa seva, Feri hakuna aliyewahi kunyamaza. Simu zao zilikuwa chache lakini zilikula nafasi ya duka zima.

Kabla ya adhuhuri sauti zilianza kukatikakatika. Wateja walisikika kama wanaongea ndani ya ndoo. Simu ya thelathini na moja ilipoingia, zote zilikwama, na vibanda vyote vikajaa "Halo? Halo?" Seva iliyouzwa kwa sitini ilikuwa imefika thelathini ikakata pumzi.

"Mbona hawanyamazi?" aliniuliza Vivek. Alikuwa karibu kulia. "Kajal, mbona watu hawa hawanyamazi?"

"Bhai, hapa mtu akisimuliwa jambo akanyamaza, basi amekasirika au amekufa."

"Lakini hawasemi chochote cha maana!"

"Wanaitikia."

Alilitazama lile neno kana kwamba nimelitoa mfukoni mwa mwizi. Katika cheti chake hakukuwa na somo la kuitikia.

Mtu mwingine angeirudisha seva. Kaka yangu aliamua kuwarekebisha watu. Kesho yake kila kibanda kilikuwa na tangazo la herufi nyekundu: MWENZIO AKISEMA, NYAMAZA. Naye mwenyewe akawa anapitapita mbele ya vioo na rula mkononi, kama mwalimu wa zamu. Mteja akisema "eeh" isiyo ya lazima, Vivek anagonga kioo, ko ko ko, na kuonyesha tangazo.

Matokeo yake niliyaona kutoka kaunta, na ingekuwa dhambi kusema sikucheka. Nassibu alinyamaza kama alivyoagizwa. Mshirika wake Dubai alisimulia bei za injini, hakusikia "eeh", akaanza kuzishusha mwenyewe kwa hofu. Nassibu alitoka akinibusu mikono. Lakini mama mmoja mwenye mume Sharjah alinyamaza naye, na mumewe akamuuliza kwa nini amenuna. Akasema hajanuna. Mume akasema kama hujanuna mbona kimya? Akasema kuna tangazo. Tangazo gani? Walifika mahali pa kutajiana ndugu zao kwa majina. Simu ambayo ingekwisha mara moja iliendelea hadi foleni ikafika barabarani, na vijisanduku vikawa vya kijani kuliko mwanzo.

Baba alifurahi, kwa sababu simu ndefu ni simu ndefu. Vivek hakufurahi hata kidogo. Yeye hakuwa anatafuta fedha tena. Alikuwa anatafuta sitini.

Ndipo akagundua kizingiti.

Kizingiti kilikuwa mstari kwenye skrini ya seva, wa kupandishwa na kushushwa kwa kidole. Sauti iliyokuwa juu ya mstari ilihesabiwa kuwa maneno. Sauti iliyokuwa chini yake ilihesabiwa kuwa ukimya, ikanyofolewa na kutupwa. Kiwandani waliuweka mstari chini kabisa, kwa ajili ya Wazungu wanaozungumzia mvua. Vivek alianza kuupandisha kidogokidogo. Kwanza zikapotea zile "eeh" za chinichini. Simu zikafika thelathini na tano. Akapandisha tena, vikapotea vicheko na kwikwi. Arobaini. Bibi mmoja wa Kiarabu alitoka kibandani akaniambia, "Mwanangu, yule mjukuu wangu kule Salala anasema haloo, haloo, nami namjibu, ananikatia." Nilimrudishia pesa zake, nikaenda kumweleza Vivek. Akasema bibi huyo hana sauti ya biashara.

Sasa niseme habari za Anfal, kwa sababu haya yote yasingenikera hivi kama si yeye.

Anfal ni rafiki yangu tangu tukiwa na meno ya utoto. Nyumba yao inatazamana na yetu. Baba yake, Mzee Ghanim, anauza udi, halua na mikeka ya kuswalia, na mwaka ule alikuwa amekwenda Muscat kwa nduguze. Huko akapatikana mchumba: Khalil, binamu wa mbali, mwenye kampuni ya viyoyozi, umri umemwendea kidogo lakini mali imemkimbilia. Ami zake Anfal wote walimtaka. Mzee Ghanim mwenyewe, nimpe haki yake, alisema hatamwoza binti yake bila ridhaa yake. Jumamosi alasiri, Anfal apige simu, naye atamuuliza mbele ya shehe na wazee. Akikubali, ndoa itafungwa huko baada ya Magharibi. Akikataa, yameisha.

Anfal hakumtaka Khalil. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, anasomea ufamasia, na Muscat aliijua kwa picha za kalenda tu.

"Basi si useme hapana?" nilimwambia. Tulikuwa barazani kwao.

"Nitasema. Lakini lazima niseme, Kajal. Kwetu binti akiulizwa akanyamaza, amekubali. Ndiyo desturi, kwamba haya zimemzuia kusema ndiyo. Nikipata woga nikanyamaza, nimeolewa."

Mama yake, Bi Mwanamize, alikuwa anachambua mchele. "Useme, na useme kwa adabu," alisema. "Baba yako mbele ya wazee hapigiwi kelele. Sema taratibu, atakusikia. Baba yako anakupenda."

Taratibu ndiyo namna pekee Anfal alivyojua kusema. Mwenye duka la mkate humuuliza mara mbili anataka nini. Alikuwa na sauti ya kumbembeleza mtoto alale, na maisha yake yote alisifiwa kwa hiyo. Basi tukafanya mazoezi palepale barazani: mimi nikawa Mzee Ghanim, nakohoa na kushika ndevu, yeye anasema, "Sitaki, baba. Nisamehe." Tulicheka mpaka Bi Mwanamize akatufukuza.

Jumamosi hiyohiyo, Vivek alikuwa na mgeni wake. Bwana Tarsis alikuwa msimamizi wa manunuzi wa kampuni moja kubwa mjini, mwenye tai na mkoba, na alitaka kununua seva kumi kama yetu kwa matawi ya mikoani. Alikuwa na swali moja tu, na alilisema hata kabla hajakaa.

"Inafika sitini?"

"Utaona kwa macho yako, mheshimiwa," alisema Vivek.

Asubuhi ile, bila kumwambia mtu, alikuwa ameifungia Feri na kupandisha kizingiti hadi karibu na juu kabisa.

Anfal na mama yake walikuja alasiri, foleni ikiwa imefika kwenye ngazi. "Shikamoo, Bi Mwanamize," nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu. Tuombee." Niliwapa kibanda kilicho karibu nami, Anfal akaingia, mama yake akasimama mlangoni. Nilipiga namba mwenyewe. Kule Muscat waliweka simu kwenye spika, na Mzee Ghanim, ambaye ana sauti ya mtu aliyeuza udi sokoni miaka yote, alisikika hadi kaunta.

"Anfal, mwanangu! Shehe yupo. Ami zako wapo. Khalil amekuposa. Mimi nilikuahidi sitakuoza bila ridhaa yako. Nakuuliza mbele ya hawa, umeridhia?"

Nilimwona Anfal kupitia kioo. Midomo ilisogea. Alisema vilevile tulivyofanya mazoezi, na hata mimi nilimsikia kidogo. Nikatazama skrini.

Kijisanduku chake kilikuwa kijivu.

"Anfal? Sema usiogope, mwanangu. Umeridhia?"

Alisema tena. Safari hii machozi yalikuwa yanamtoka, na mtu akilia sauti yake haipandi. Kijivu. Kule Muscat walikuwa wanasikiliza shiii, uongo mzuri wa kaka yangu.

Ikasikika sauti nyingine, ya mzee, ya mtu aliyeridhika. "Amenyamaza, Ghanim. Binti amenyamaza. Hiyo ndiyo ridhaa."

Vigelegele vya wanawake wa Muscat vilipita kwenye seva bila shida yoyote. Kisha simu ikakatwa kwa furaha.

Anfal alitoka kibandani bado ameushika mkonga wa simu, waya umevutika. "Nimesema, mama," alisema. "Mara mbili nimesema. Amenisikia, akajifanya hakunisikia."

"Nimekusikia mwenyewe," alisema Bi Mwanamize, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Ghanim? Ghanim amefanya hivi?"

Hilo ndilo lililonichoma. Mume hatakiwi, hilo lina dawa. Lakini msichana yule alikuwa amesimama dukani kwetu anaamini kwamba baba yake amemuuza huku akimsikia. Niliinuka nikakimbilia chumba cha seva.

Kulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama. Vivek na Bwana Tarsis walikuwa wamesimama mbele ya skrini kubwa, namba inapanda: hamsini na saba, hamsini na nane.

"Bhai, shusha kizingiti. Sasa hivi."

"Kajal, toka nje."

"Anfal amesema hapana, seva imemtupa. Wanamwoza Magharibi hii! Shusha apige tena."

"Hamsini na tisa," alisema Bwana Tarsis.

"Nikishusha tunarudi thelathini," Vivek alininong'oneza kwa hasira. "Dakika chache tu. Anaweza kusubiri."

Sitini. Ilikuja kimya, tarakimu kubwa za kijani, na chini yake uwanja mzima wa vijisanduku vya kijivu. Vivek alifumba macho kama mtu aliyefika hija. Kutoka vibandani zilikuwa zinakuja sauti za watu, mmoja baada ya mwingine, "Halo? Halo? Unanisikia? Halo?"

Bwana Tarsis aliinua sikio. "Na hizo kelele ni za nini?"

"Ni salamu, mheshimiwa," alisema kaka yangu. "Watu wetu wana salamu ndefu."

Bwana Tarsis aliandika kitu. Niliwaacha hapo, maana ningebaki ningemrushia mmoja wao kiti, na sikuwa nimeamua nani.

Vibandani hakuna aliyesikika tena, na simu zetu za mkononi zilikuwa na salio la kubipu tu, na shehe habipiwi. Ilibaki simu moja. Chini ya meza ya Baba kulikuwa na ile simu ya zamani ya mezani, nyeusi, ya kuzungusha, yenye kikufuli kidogo kwenye tundu la namba ili asiipige mtu. Ufunguo Baba aliuvaa kiunoni pamoja na wa kasha la fedha. Haikuwa imepiga nje ya nchi tangu bibi yetu alipofariki Jamnagar, na hata siku ile Baba alituambia tulie kwa kifupi.

"Bapuji, fungua simu."

"Ya nini? Kuna vibanda."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, Kiswahili na Kigujarati vikigongana. Mama Sudha alikuja akawa anaeleza pamoja nami, na Bi Mwanamize naye, sote kwa wakati mmoja. Baba alitusikiliza sote, "ha, ha, ha," kama mtu yeyote wa Mchafukoge. Kisha akanyanyua mkono.

"Huyu msichana alisema?"

"Alisema, Bapuji. Mara mbili. Mashine yetu ndiyo iliyomjibia."

Alimtazama Anfal aliyekaa kwenye boksi la vifungo tusivyoviuza tena. Alimjua tangu akiletwa dukani kununua vifungo vya sare za shule.

"Basi tumeuza kitu ambacho mteja alikuwa anakitumia," alisema Baba. Aliona aibu, na sikuwahi kumwona akiona aibu ya biashara. Alifunua shati, akautoa ufunguo, akafungua kile kikufuli.

Alizungusha namba mwenyewe, moja moja, na kila moja ilichukua muda wake kurudi. Msikiti wa jirani ulikuwa bado haujaadhini Magharibi, lakini Muscat jua hutangulia kuzama. Ilipoita, akampa Anfal mkonga, na sisi wote tukasogeza vichwa.

"Halo? Nani?" alisema Mzee Ghanim. Nyuma yake palikuwa na shangwe na sahani.

"Baba."

"Anfal! Mbona umepiga tena, mwanangu? Tunajiandaa huku."

"Sikunyamaza, baba."

Alisema kwa sauti yake ileile. Hakuipandisha hata kidogo.

"Nini?"

"Uliponiuliza. Sikunyamaza. Nilisema sitaki. Nilisema nisamehe."

Ukaja ukimya. Haukuwa ule wa Vivek. Ndani yake nilisikia mtu anakohoa, kikombe kinawekwa kwenye sinia, gari linapita mtaa fulani wa Muscat, na Mzee Ghanim anavuta pumzi. Bi Mwanamize alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Niliogopa. Nilifikiri sasa ndipo tutakapojua kama baba ni baba.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.

Anfal alifunika macho.

"Nimekusikia sasa," alisema tena, kwa sauti ya chini, na naapa hata hiyo ingetupwa na seva yetu. Kisha akaanza kueleza. Kwamba amwambie nini Khalil wa watu. Kwamba ami zake watamla nyama. Kwamba mbuzi ameshachinjwa, mpishi ameshaweka sufuria, na shehe ameshapewa kiti cha mbele. Kwamba asubuhi alimwambia Mungu afanye lenye heri na sasa naona, Anfal, hili ndilo lenye heri, lakini aibu hii nitaivaa mimi peke yangu huku ugenini.

"Eeh, baba," alisema Anfal. "Naam. Eeh. Eeh, baba."

Hapo Vivek akatoka chumba cha seva, uso unang'aa, karatasi mkononi. Bwana Tarsis alikuwa amesaini seva kumi. Kaka yangu alituona tumejazana mezani, akaona ile simu ya bei mbaya imefunguliwa, na akasikia zile "eeh" zinavyomwagika bila kazi. Kwa mazoea tu, kidole chake kilinyanyuka kuelekea kwenye tangazo la herufi nyekundu.

"Nyamaza wewe," alisema Baba.

Vivek akanyamaza. Mzee Ghanim alikuwa amefika kwenye habari ya mbuzi kwa mara ya pili, na Anfal, machozi yakimfika kidevuni, aliendelea kumwitikia.